MREJESHO: Matawi ya maua sebuleni, theluji ikiwa bado nje

Wakuu, Februari niliuliza nifanyeje nipate maua ndani ya nyumba huku Minnesota, Marekani, nje kukiwa theluji tupu. Asanteni sana mlionijibu kwamba nikate matawi yenye matumba nje, niyaweke kwenye maji ndani hadi yachanue.

Nilifuata ushauri wa forsithia (kichaka chenye maua ya njano): nikakata matawi siku ambayo baridi ililegea, ncha nikazikata mshazari, nikayaloweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, kisha nikayahamishia chumba chenye ubaridi, mbali na hita. Maji nilibadilisha kila baada ya siku mbili tatu. Ndani ya wiki mbili hivi matumba yakapasuka, njano tupu, hata jani moja halijatoka! Jirani kaniuliza nimenunua wapi.

Nilijaribu pia matawi ya mcheri na mtufaha. Mcheri haukwenda vizuri. Vijitawi vichache vilichanua, matumba mengine yakakauka na kudondoka ingawa niliyanyunyizia maji. Mtufaha bado umefumba. Aliyesema unahitaji subira zaidi hakukosea.

Ushauri wa kuponda ncha za matawi kwa nyundo niliuacha, kisu kikali kilitosha. Kwa atakayesoma baadaye: usikate mapema mno, forsithia inataka kwanza wiki sita au zaidi za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 5 hivi.