Tumeitwa ombaomba wenye king'ora, tena na mtu anayekula nyama yetu!

Ndugu zangu wa Texas, naandika mikono ikinuka moshi wa nyama. Leo mchana yule bwana, ambaye nyote mnamfahamu na sina haja ya kumtaja, alisimama katikati ya foleni kwenye harambee ya kikosi chetu cha zimamoto wa kujitolea, sahani ya kidari imemjaa mkononi kama mlima Meru, akatuita ombaomba wenye king'ora. Ombaomba wenye king'ora!

Kisa ni kodi ya mauzo. Aliona sahani inauzwa dola 15 kamili, bila asilimia 8.25 juu yake, akapaza sauti kwamba tunaiibia serikali. Binti anayepokea pesa, mwanafunzi tu, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa mezani: sheria ya Texas inaruhusu kikosi kama chetu kuuza vitu au kufanya mnada bila kutoza kodi hiyo mara 10 kwa mwaka, kila mara kwa muda usiozidi saa 72. Hakuisoma. Aliweka sahani yake juu ya karatasi hiyo, mchuzi ukailowesha, ndipo akatamka neno lile mbele ya mtoto wa watu.

Anadhani tunagawana fedha hizo? Zinanunua mipira ya maji na mafuta ya gari letu kuukuu, na wanaolipanda hawalipwi hata senti. Kule West, mji mdogo wa hapa Texas, Aprili 17, 2013, ghala la mbolea lilipolipuka, walikufa watu 15, na 12 kati yao walikuwa wamekwenda kuokoa, wengi wakiwa zimamoto wa kujitolea. Hao nao walikuwa ombaomba? Na baada ya kututukana alirudi kuchukua mbavu, bila haya!

Kaka wa Dallas: Pole mkuu, lakini aliyempa mbavu hizo ni nani? Mngemnyima sahani ya pili, uzi huu usingekuwepo.

Mwana wa Tanga: Huyo huyo alivuruga mnada wa kikosi cha kwetu, akitaka risiti ya kodi kwa keki iliyookwa na bibi wa miaka themanini.

Mama Vitenge: Nyinyi mna mara 10 na bado mnalia? Chama chetu cha hisani kina siku mbili tu kwa mwaka za kuuza bila kodi, na ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi vitenge vikachuja rangi.

Kaka wa Dallas: Mama, siku hiyo ya mvua nayo imehesabiwa?

Mama Vitenge: Mweka hazina wetu anasema imehesabiwa kwa sababu tuliuza vitenge vitatu, na vyote vitatu alivinunua yeye!