Wakuu, kiyeyushi gani kinafaa kwa mbegu za zabibu? Niko Tabora

Mtemi_Ipuli: Wakuu, habari za usiku. Nina kilo 6 za mbegu za zabibu, zimekuja kwa treni kutoka Dodoma, mabaki ya mvinyo. Nataka kutoa polifenoli, yaani kemikali za mmea kama tanini. Nitumie maji, ethanoli, asetoni au methanoli? Naomba haraka, zimeanza kunuka.

MwishoWaReli: Hiyo harufu ndiyo ya kushughulikia kwanza. Tenga maganda, suuza sukari itoke, kausha kwa nyuzi 40 hadi 50. Moto ukizidi 60 tanini zinaanza kuharibika.

Fundi_Kemia: Usitumie kimoja kikiwa kitupu. Saga mbegu ziwe unga. Maji huvimbisha unga, ethanoli hunasua tanini, vinategemeana. Chukua mililita 625 za ethanoli ya 96%, jaza maji hadi lita moja, umepata 60%. Unga gramu 100 kwa lita hiyo, nyuzi 50, saa nzima ukikoroga. Chuja, rudia na kiyeyushi kipya. Asetoni ya 70% hutoa tanini kubwa vizuri zaidi, ila hiyo iache maabara. Ethili asetati, kiyeyushi kingine, huchukua polifenoli ndogondogo kama katekini, kubwa zinabaki.

Binti_Isevya: Na mafuta je? Mbegu ina kama asilimia 10 hadi 16. Kamua kwanza, la sivyo kichujio kinaziba na ukoko unaobaki kiyeyushi kikiruka haukauki.

Mtemi_Ipuli: Nilishajaribu kidogo. Gramu 100 za mbegu zilinipa gramu 38 za ukoko, nyeusi tii.

Kapera_wa_Stesheni: Chai hii! 38? Mbegu safi ikikupa 10 unashangilia. Huyu hana mbegu wala treni, anatafuta wa kumfanyia kazi ya chuo.

Fundi_Kemia: Inawezekana, Kapera. Mafuta, sukari na maji yasiyokauka vyote vinapanda mizani. Hata ukipima polifenoli kwa rangi ya dawa ya Folin-Ciocalteu, mwanga wa nanomita 765, sukari nayo inaweza kukudanganya. Kinachonitia shaka ni huo weusi. Mtemi, sufuria gani? Ethanoli ya wapi? Na mzigo unaenda wapi?

Mtemi_Ipuli: Ya chuma. Spiriti ile ya rangi, ya dukani. Nachanganya kwenye asali niuze. Lakini nilichemsha mpaka harufu ikaisha, na lebo zimeshachapwa.

Fundi_Kemia: Kumbe! Spiriti ya rangi huharibiwa makusudi isinyweke, mara nyingi kwa methanoli, ambayo hupofusha. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65, ethanoli 78, kwa hiyo nyingi iliruka. Rangi na kile kichungu wanachotia isinyweke haviruki. Ulivyochemsha ndivyo ulivyovikoleza. Pua si kipimo. Weusi nao ni tanini na chuma, yaani wino.

Kapera_wa_Stesheni: Asali ya Tabora mnaiandikia barua sasa 😂

Mtemi_Ipuli: Nikiipitisha kwenye mkaa je? Hasara hii kubwa, wakuu.

MwishoWaReli: Mkaa unanyonya polifenoli hizohizo unazozitafuta.

Binti_Isevya: Mwaga, kaka. Anza upya na ethanoli ya chakula, chombo cha kioo au chuma kisichoshika kutu, upashe kwa maji moto ya umeme. Jiko la mkaa liwe mbali, mvuke wa ethanoli ya 60% unadaka moto hata siku ya joto la kawaida. Na TBS, shirika la viwango, uwaone kabla ya lebo. Ulichapa ngapi?

Mtemi_Ipuli: Mia nne.