Holseli ya nyumba Marekani: ni kweli kwamba "unauza mkataba, si nyumba"?

Mwanagenzi_PA aliuliza:

Ndugu zangu, habari za masiku. Ninaishi Pennsylvania, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijifunza biashara ambayo huku Marekani inajulikana kama holseli ya nyumba. Kwa wasioifahamu, unamtafuta mwenye nyumba anayehitaji kuuza haraka, mnaandikiana mkataba kwa bei iliyo chini ya soko, kisha kabla ya siku ya kukamilisha mauziano unauhamishia mkataba huo kwa mwekezaji, ambaye ndiye atakayelipa na kuandikishwa kuwa mmiliki. Wewe unabaki na ada ya uhamisho, na nyumba yenyewe haipiti mikononi mwako.

Nilihudhuria semina ya kulipia, na mambo tuliyofundishwa nimeyasikia tena karibu kila nilipouliza. La kwanza ni kwamba biashara hii haihitaji mtaji. La pili ni kwamba haihitaji leseni, kwa sababu "unauza mkataba, si nyumba". La tatu ni kwamba kanuni ya asilimia 70 (mwekezaji asilipe zaidi ya asilimia 70 ya thamani ya nyumba baada ya ukarabati, ukitoa gharama ya matengenezo) inatosha kupanga bei ya nyumba yoyote. La nne ni kwamba si busara kumweleza muuzaji kuwa huna nia ya kuinunua nyumba mwenyewe, kwani ataingiwa na hofu. Ujitambulishe tu kuwa mnunuzi wa fedha taslimu.

Hili la nne ndilo linaloninyima usingizi. Juma lililopita niliketi mezani na mama mmoja mjane, wa umri wa mama yangu mzazi. Paa la nyumba yake linavuja, na ameweka beseni chini ya tundu katika chumba cha juu. Muda wote tuliozungumza tulikuwa tukisikia matone yakidondoka. Amekubali dola 90,000. Kwa makadirio yangu, nyumba hiyo ikikarabatiwa itauzika kwa dola 200,000, na matengenezo yatagharimu dola 40,000. Mkataba nimeuandaa, jina langu likifuatwa na maneno "na/au atakayehamishiwa", lakini sijampa autie saini. Aliniuliza kama mimi ndiye nitakayeishi pale, nami nikajibu kwamba ninanunua kwa ajili ya uwekezaji. Jibu hilo si uongo, lakini tangu siku ile naliona kama si kweli pia.

Naomba wenye uzoefu mniambie ni lipi katika hayo manne linalosimama.

Msafiri_Houston alijibu:

Mdogo wangu, umefanya vyema kusita kabla ya saini, kwa sababu baada yake mambo huwa magumu zaidi kuyarekebisha. Nimefanya kazi hii Texas tangu mwaka 2014, nami nilianza nikiamini yote manne.

Kuhusu mtaji, ni kweli kwamba huhitaji fedha za kununua nyumba. Lakini unahitaji arbuni ya kuweka kwenye mkataba, unahitaji fedha za barua, stempu, vibao na orodha za majina, na unahitaji kuishi kwa miezi kadhaa kabla mkataba wa kwanza haujazaa chochote. Anayekwambia uweke arbuni ya dola 10 anakufundisha kumfunga mwenzako kwa kamba huku wewe ukiwa huru. Usidhani pia kwamba simu ni njia ya bure ya kutafuta wauzaji. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1991 kuhusu simu na ujumbe wa kibiashara inampa mtu haki ya kudai dola 500 kwa kila simu iliyomvunjia haki, na mahakama inaweza kuzipandisha hadi 1,500 ikiwa ulifanya kwa makusudi. Wapo waliotuma maelfu ya ujumbe kwa mashine bila hata kupekua orodha ya taifa ya wasiotaka kupigiwa, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2003.

Kanuni ya asilimia 70 nitaikalia kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowaponza wengi. Hesabu yako inasema hivi: asilimia 70 ya dola 200,000 ni 140,000; ukitoa matengenezo ya 40,000 unabaki na 100,000, ambayo ndiyo bei ya juu kabisa ambayo mwekezaji atakubali; ukitoa ada yako ya 10,000 unamfikia mama yule kwa 90,000. Hesabu ni safi, lakini jiulize ile asilimia 30, yaani dola 60,000, inakwenda wapi. Inalipa gharama za kununua, riba ya mkopo wa muda mfupi, bima na kodi ya nyumba wakati mafundi wakiwa kazini, kamisheni ya dalali atakapoiuza tena, na faida ya mwekezaji. Kama mnunuzi wa mwisho atatumia mkopo wenye bima ya FHA, yaani idara ya serikali ya shirikisho inayodhamini mikopo ya nyumba, mkataba wa kumuuzia hauwezi kutiwa saini kabla ya siku 90 kupita tangu mwekezaji alipoipata nyumba, na kila mwezi wa kungoja una riba yake. Sasa chukua nyumba ya dola 80,000: asilimia 30 yake ni 24,000 tu, wakati gharama nyingi kati ya hizo hazipungui kwa kiwango hicho. Huko kanuni inakupa bei ya juu kupita kiasi, na mwekezaji hataigusa. Kwenye nyumba ya dola 600,000 inakupa bei ya chini mno, na muuzaji atampata mwingine wa kumlipa zaidi. Kanuni hii ni ya kuchuja nyumba kwa haraka, haifai kuwa neno la mwisho.

Zaidi ya hayo, hesabu yote imesimama juu ya namba mbili ambazo anayeanza ndizo anazozikosea zaidi, yaani thamani baada ya ukarabati na gharama ya ukarabati. Umesema 40,000. Je, umepanda darini ukaona kama mbao za paa zimeoza, au umeona beseni tu? Paa lililovuja muda mrefu huharibu dari, nyaya na kuta zilizo chini yake, na tofauti kati ya kubadilisha vigae na kubadilisha mbao inaweza kuimeza ada yako yote.

Mwaka wangu wa pili niliandikiana mkataba na bwana mmoja wenye siku 14 za ukaguzi. Nilikuwa nimekadiria matengenezo nusu ya yalivyokuwa, kila mwekezaji niliyempeleka akakataa, na siku ya 14 nikajitoa kwa kutumia sharti la ukaguzi, kama tulivyofundishwa. Nilipokwenda kumweleza nilimkuta ameshafunga vyombo vyake kwenye maboksi, na lori la kuhamia amelikodi kwa Jumamosi ile. Sheria haikunigusa. Lakini kila mtu anaposema kwamba katika biashara hii hakuna hatari, mimi huyaona yale maboksi. Hatari ipo, ila tulifundishwa kuiweka upande wa muuzaji.

KaraniWaHati alijibu:

Ninafanya kazi katika kampuni ya hatimiliki, yaani pale ambapo fedha na hati hubadilishana mikono, kwa hiyo nitaongelea kile kinachoonekana mezani kwetu.

Wengi huamini kwamba muuzaji hatajua ada ya aliye katikati. Mkataba unapohamishwa, ada ya uhamisho kwa kawaida huandikwa kwenye hati ya mwisho ya malipo, mstari wake peke yake. Nimewahi kumwona muuzaji akiupitia ule mstari kwa kidole mara tatu, kisha akauliza huyu aliyelipwa dola 28,000 ni nani katika nyumba yake. Aliyekuwa amesaini naye mkataba alikuwa ameketi kando yake. Mauziano yalikamilika, kwa kuwa alikuwa amesaini, lakini sijasahau ukimya wa chumba kile.

Kwa ajili hiyo wengine hushauri kufunga mara mbili: unanunua kweli asubuhi na kuuza mchana, kila mauzo yakiwa na hati yake. Ni njia halali, lakini gharama za kufunga hulipwa mara mbili na fedha za mauzo ya kwanza lazima ziwepo, mara nyingi kwa mkopo wa siku moja. Wala siri haidumu, kwani hati zote mbili huandikishwa kaunti na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Mawili mengine kwa ufupi. Nyumba zilizorudi mikononi mwa benki mara nyingi huuzwa kwa mkataba unaokataza uhamisho, hata ukiandika "na/au atakayehamishiwa" mara kumi. Halafu kuna minyororo: mtu wa kwanza ana mkataba, wa pili anachukua picha zake na kuzitangaza kwa bei ya juu zaidi, wa tatu anafanya vivyo hivyo, na mnunuzi anafika kwetu akiwa amewapa fedha watu ambao hawana mkataba wowote na mwenye nyumba. Kabla ya kumpa mtu hata senti, mnunuzi aombe kuuona mkataba wa asili wenye saini ya mmiliki.

Dalali_Illinois alijibu:

Nina leseni ya udalali hapa Illinois, na nadhani Kiswahili chetu kinatusaidia kuielewa hoja ya pili kuliko maelezo ya semina. Mtu anayesimama kati ya mwenye mali na mnunuzi, akaitangaza mali, akawakutanisha na akalipwa, sisi tunamwita dalali bila kufikiri mara mbili. Swali ambalo mabunge ya majimbo yamekuwa yakijiuliza ni hilo hilo: kama unachotangaza ni picha za jiko, idadi ya vyumba na anwani, unauza karatasi au unauza nyumba ya mtu?

Majibu yanatofautiana kwa jimbo. Texas, tangu mwaka 2017, inakuruhusu kuuza haki yako ya kimkataba bila leseni, mradi ueleze wazi kwamba ulicho nacho ni haki hiyo tu na si umiliki. Hapa Illinois, tangu mwaka 2019, kufanya hivyo mara mbili au zaidi ndani ya miezi 12 ni kazi ya mwenye leseni. Oklahoma ilitunga sheria yake mwaka 2021.

Ndugu Mwanagenzi, kwako hali ni nzito zaidi. Sheria ya Pennsylvania inayojulikana kama Act 52 ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika Januari 2025, imeiingiza holseli ya nyumba za makazi ndani ya sheria ya leseni za udalali. Inataka muuzaji aelezwe kwa maandishi kwamba haya ni mauziano ya aina hiyo, na inampa haki ya kuuvunja mkataba hadi usiku wa manane wa siku ya 30 baada ya kusaini, au hadi mali itakapohamishwa, lolote litakalotangulia. Mji wa Philadelphia ulikuwa umeshaweka leseni yake hata kabla ya hapo. Kwa hiyo aliyekufundisha kwamba huhitaji leseni alikuwa akikufundisha sheria ya mahali pengine, au ya wakati uliopita.

Kuhusu kumficha muuzaji, sheria nyingi nilizozitaja zimezaliwa na tabia hiyo hasa. Muuzaji aliyeelezwa kila kitu na bado akachagua bei ndogo ili apate haraka na nafuu amefanya uamuzi wake mwenyewe. Wapo wengi wa namna hiyo: waliorithi nyumba mbali, wanaokaribia kunadiwa, wasioweza kungoja miezi mitatu. Lakini hawezi kuchagua asichoambiwa.

Mwanagenzi_PA alijibu:

Nawashukuru sana wakubwa zangu. Nimeirudia hesabu ya paa na nimeona kwamba 40,000 niliitunga nikiwa nimeketi kitini. Sasa mama huyu nimfanyeje? Je, ninaweza kumpa jina la mwekezaji ninayemfahamu, na yule mwekezaji akanilipa chochote kidogo kwa kumkutanisha naye?

Dalali_Illinois alijibu:

Hapana. Kulipwa kwa kumkutanisha muuzaji na mnunuzi bila leseni ndiko hasa kunakozuiwa, hata malipo yakiitwa shukrani. Jina unaweza kumpa bure. Lakini kabla ya hilo, mshauri amwite dalali mwenye leseni aitazame nyumba na kumweleza ingeuzwa kwa kiasi gani ilivyo, bila matengenezo. Mwekezaji lazima abakishe ile asilimia 30. Familia inayotafuta mahali pa kuishi haina haja ya kuibakisha, na sitashangaa akipata zaidi ya dola 90,000 hata baada ya kulipa kamisheni. Kama biashara hii unaitaka kweli, leseni ya Pennsylvania inahitaji saa 75 za masomo, mtihani, na kufanya kazi chini ya dalali mkuu.

Msafiri_Houston alijibu:

Nakubaliana. Nyongeza yangu ni kuhusu kodi, kwa siku utakapoanza kulipwa: kwa anayeifanya kama kazi yake, ada hii huhesabiwa kuwa pato la kazi ya kujiajiri, kwa hiyo utadaiwa asilimia 15.3 ya mchango wa hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee juu ya kodi ya mapato ya kawaida, na malipo hutarajiwa kila robo ya mwaka. Weka daftari tangu dola ya kwanza.

Mwanagenzi_PA alijibu:

Nimetoka kwake jioni hii. Nilimweleza kwamba sikuwa na fedha za kuinunua nyumba yake, na kwamba nilikusudia kuuhamisha mkataba kwa mtu mwingine na kulipwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba niandike kwenye karatasi maswali ya kumuuliza dalali. Tumeandika saba. Kesho ninampeleka fundi apande darini kutazama mbao, na gharama ya ukaguzi huo nitailipa mimi.