Tule wapi tukifika pwani?

Asha: Shikamooni wakubwa. Nauli imelipwa, tarehe hazibadiliki tena. Limebaki tumbo. Kuna hoteli ambayo milo mitatu imo ndani ya malipo, na kuna nyumba ya kupanga yenye jiko, hatua chache kutoka ufukweni. Wote wanataka jibu kesho. Tunakula wapi?

Idi: Hoteli. Sitaki kuzunguka juani na watoto wanaolia njaa.

Shangazi: Marahaba. Idi na tumbo lako! Ukishalipia milo yote umejifunga. Utaona watu wanashusha samaki wa alfajiri ileile, wewe unarudi kwenye bufee kwa sababu roho inauma kulipa mara mbili.

Tatu: Mimi nataka ile migahawa iliyopangana ufukweni, miguu kwenye mchanga. Ndiyo likizo yenyewe 😎

Shemeji: Picha zake nimeziona. Meza nzuri, taa nzuri. Chakula sijakiona hata kwenye picha moja.

Asha: 😂😂 Mjomba uko wapi? Wewe ndiye uliyesimama jikoni miaka yote ile.

Mjomba: Nilikuwa naendesha. Marahaba nyote. Nianze na Tatu. Mstari wa mbele unalipia bahari. Kodi ya pale iko juu, na mteja wa pale harudi, leo yupo kesho kapanda basi. Mwenye mgahawa analijua hilo. Anayelisha watu wa mji hawezi kumharibia mtu chakula Jumatatu halafu wakutane njiani Jumanne. Kwa hiyo kaeni pale mbele mnywe kitu baridi mkitazama jua linavyozama, kisha tembeeni mitaa miwili ndani mkale.

Tatu: Tutajuaje upi ni wa wenyeji?

Mjomba: Piteni mchana, siku ya kazi. Angalieni nani amekaa: madereva, makarani, wavuvi wenyewe. Jioni macho yanadanganya, kila mahali pamejaa wageni. Halafu tazama orodha ya vyakula. Ikiwa na kurasa kumi na picha ya kila sahani, nyuma kuna friza kubwa. Nikikuta ubao wa chaki una vitu vitano, na viwili vimekatwa mstari kwa kuwa vimeisha, hapo navuta kiti.

Idi: Friza ina ubaya gani? Samaki wa barafu naye ni samaki.

Mjomba: Hapo umesema kweli Idi. Samaki aliyegandishwa chomboni saa chache baada ya kuvuliwa anaweza kumshinda huyo "wa leo" aliyeshinda juani. Tena kwa wanaokula samaki mbichi, kugandisha ndiko kunakoua minyoo. Marekani mwongozo wao ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Ubaya ni kuuziwa wa friza kwa bei ya aliyeingia asubuhi. Na msidhani kila kamba anayeliwa mbele ya bahari ametoka bahari hiyo. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walitoa hesabu kwamba mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, wanyama wa majini waliofugwa waliwazidi waliovuliwa. Kamba wengi sokoni ni wa bwawani, na bwawa lenyewe linaweza kuwa nchi nyingine kabisa.

Shemeji: Yaani nisafiri kutwa nzima kwenda kula kamba aliyesafiri kuliko mimi 🤦🏾

Shangazi: Ndiyo maana mimi swali langu ni moja kwa mhudumu: "Leo kimeingia nini?" Akijibu "kila kitu kipo", nabeba mkoba wangu.

Mjomba: Umemaliza dada. Bahari haitoi kila kitu kila siku. Ikichafuka, vyombo vidogo havitoki. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa hupata dagaa kidogo, maana taa haiwavuti vizuri kwenye mwanga ule. Mhudumu anayeweza kukwambia "leo dagaa hakuna, mwezi mkubwa", jua kwamba mgahawa huo unanunua dikoni wenyewe, pale vyombo vinaposhusha samaki.

Mama Mdogo: Samahani nakatiza. Mwanangu akila kamba midomo inavimba, mnajua. Nikimwagizia viazi vya kukaanga tu si salama?

Mjomba: Si lazima. Uliza mafuta. Jikoni kwingi karai ni moja, kamba wanaingia, wanatoka, viazi vinaingia mafuta yaleyale. Mwambie mhudumu kabla hujakaa, na aende kumwuliza mpishi, asikujibu kutoka kichwani. Akirudi na jibu la kusitasita, mwagizie mtoto kitu kilichopikwa kwenye sufuria yake peke yake, au ondoka. Na dawa yake itembee mkobani mwako, isibaki chumbani.

Mama Mdogo: Asante sana kaka. Hilo la mafuta sikuwahi kuliwaza.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Asha: Kwa wasio na bando: Bibi anasema mnazungumza migahawa mirefu mirefu na samaki hamjui kumchagua. Jicho liwe limetuna na linang'aa. Inua shavu, ndani kuwe kwekundu kama damu mbichi, si kahawia. Bonyeza ubavuni kwa kidole, nyama irudi juu, shimo lisibaki. Na samaki mzuri ananuka bahari. Akinuka "samaki" ameshachelewa. Mwisho amemsema Idi lakini hilo nalihifadhi.

Idi: Bibi shikamoo 😅

Mjomba: Shikamoo mama. Ni hayohayo tuliyokuwa tukiyafanya mlangoni pa jiko kila asubuhi, kreti moja moja. Mimi naliamini shavu kuliko jicho, kwa sababu barafu yenyewe hulififisha jicho. Na harufu ile ni bakteria wanaovunjavunja nyama baada ya samaki kufa, limau litaifunika tu, halitamrudisha samaki.

Tatu: Mjomba, chaza mbichi je? Nimewaona watu wanawamimina kooni na ndimu.

Mjomba: Chaza anaishi kwa kuchuja maji. Maji yakiwa na uchafu, uchafu uko ndani yake, na ndimu haiui vijidudu hata ukiikamua nzima. Nenda mahali ambapo wanaweza kukwambia walikotoka chaza wao. Mwenye mimba, mzee, mwenye ini bovu, asiguse. Bibi na wewe Mama Mdogo mmo kwenye orodha hiyo, samahani.

Mama Mdogo: Kha! Mjomba umenitangazia kikundi kizima 😳

Shangazi: MIMBA???

Asha: Jamani. Hongera!! Tutapiga vigelegele pwani. Turudi kwenye chakula kwanza, kesho natakiwa kujibu.

Mjomba: Nisameheni, nilidhani mnajua. Haya, la mwisho kwa upande wa kuogopa. Jodari na vibua wakikosa barafu hujijengea histamini, kemikali inayodhuru, na ikishaingia, moto hauitoi. Mtu anakula, muda si mrefu uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, anadhani ana mzio. Ulimi ukiwasha kama umekula pilipili na hakuna pilipili, sukuma sahani pembeni bila aibu. Na kwenye miamba ya matumbawe ya nchi za joto, chewa mkubwa mkubwa au mkunga huweza kubeba sumu inayotokana na vijimea vya mwambani, nayo haitoki kwa kupika wala kugandisha. Chukueni samaki wa kadiri.

Shemeji: Sasa naogopa hata chumvi.

Shangazi: Wewe ogopa bili. Kamba-koche akiandikwa bei ndogo, chini kuna herufi za sisimizi: "kwa gramu 100". Apimwe mbele yako kabla hajaenda motoni, na bei yake yote itajwe kwa mdomo. Akiwa na mayai chini ya tumbo mrudishe, nchi nyingi ni marufuku kumvua.

Idi: Sawa, lakini bado hamjanijibu. Bufee ya hoteli ina kasoro gani? Watoto wanachagua wenyewe, hakuna bili, hakuna herufi za sisimizi.

Mjomba: Ina faida kwa watoto, sikatai. Lakini uwahi inapofunguliwa, na usimame pale mpishi anapokaanga mbele yako. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Vile vya katikati, vuguvugu, vilivyofunikwa na taulo, ndivyo vinavyowalaza watu chumbani siku ya pili.

Asha: Naona tunaelekea kwenye nyumba yenye jiko. Asubuhi tunakula nyumbani, watoto wanashiba kabla ya jua kuwa kali. Mchana tunafuata ubao wa Mjomba. Jioni moja moja tunanunua dikoni na kupika. Idi?

Idi: Nani ataosha vyombo?

Shangazi: Wasiopika.

Idi: Basi mimi napika.

Shemeji: Mungu tusaidie.

Tatu: Na jioni moja miguu mchangani, kinywaji tu. Nimeomba kwa adabu.

Asha: Jioni mbili, umepewa. Nimemwandikia mwenye nyumba. Anasema jiko ni la gesi, plati mbili, friji ipo, kisu ni kimoja.

Mjomba: Nakuja na visu vyangu.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Asha: Anasema Mjomba aje na ubao wa kukatia pia, na Idi akae mbali na vyote viwili.