Kadi ya biashara ya AR: kwenye skrini inakubali, kwenye karatasi inagoma

WinoMweusi: Wakuu, heshima kwenu. Nina mteja hapa Dar, mchora ramani za nyumba. Anataka kadi ya AR, yaani ukiielekezea simu, kwenye skrini nyumba inainuka juu ya kadi na sauti yake mteja inakukaribisha. Nimetumia MindAR, zana ya AR inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ili watu wasilazimike kupakua programu: unaskani QR ya nyuma, kivinjari kinafunguka, unageuza kadi. Nikijaribu kwa picha ya kadi iliyo kwenye kompyuta, nyumba inasimama vizuri kabisa. Sampuli ilipotoka kwa mchapaji Kariakoo, balaa! Nyumba inatetemeka, inapotea, ikirudi imelala ubavu. Kadi ni nyeupe, katikati ina nembo ya duara ya dhahabu, juu imepigwa plastiki ya kung'aa. Nembo mteja hataki iguswe. Nianzie wapi?

FundiKamera: Mkuu, ugonjwa umeutaja mwenyewe: weupe, duara, mng'ao. Kamera haijui nembo ni nini. Inatafuta kona kali, sehemu nyeusi inapokutana na nyeupe, mchoro usiojirudia. Duara halina kona. Dhahabu nayo inaakisi taa, kwa hiyo kila mkono ukiinama inageuka picha nyingine. Rudi kwenye ukurasa wa MindAR wa kuandalia picha, tazama vile vidoti vinavyoonyesha alama ambazo kamera itazifuata: nadhani vimejazana kwenye maandishi, kwingine jangwa.

Nembo mwachie. Muombe upande wa nyuma tu, uujaze ramani yake mojawapo: kuta, milango, ngazi, vipimo, mistari ya wino mweusi. Ndiyo kazi yake, na ndicho kamera inachokitaka. Plastiki iwe mati, isiyong'aa. Halafu hicho kikadi cha milimita 85 kwa 55 watu watakishika mbali. Google kwenye ARCore, mfumo wao wa AR wa simu, wanataka picha ijaze angalau robo ya fremu ndipo itambulike mara ya kwanza. Hata kama hutumii ARCore, ushike ushauri huo. Ila kadi ikisogea karibu mno, simu nyingi za bei nafuu haziwezi kufokasi. Chora fremu kwenye skrini imwonyeshe mtu pa kuishika.

BintiPangani: Sauti kwenye iPhone haitoki mpaka mtu aguse skrini, kwa hiyo weka kitufe cha "Karibu ndani". Ukurasa uwe wa https, la sivyo kamera haifunguki. Na hiyo nyumba ina MB ngapi? Hakuna atakayechoma bando lake kwa ajili ya vigae vya choo asivyoviona.

Mzee_wa_Chapa: Mimi naogopea linki. Kadi inakaa kwenye waleti miaka, huduma zinakufa. Waliojenga kwenye Spark AR, jukwaa la AR la Instagram na Facebook, waliona Meta ikiifunga Januari 2025. QR ielekee domeni ya mteja mwenyewe, nyuma yake mtabadilisha mtakavyo. Namba ya simu ichapwe ionekane bila miwani, maana wengi wataitafuta hiyo tu.

WinoMweusi: Shukrani sana. @BintiPangani modeli niliyopewa na mteja ni MB 40, ina mpaka mabomba ya sinki 😂 Naipunguza kwa Draco, zana ya kubana modeli za 3D. Ramani nyuma kakubali. Sasa QR iende wapi?

FundiKamera: Upande wa nembo, nafasi tupu si ipo tele? Iachie pambizo nyeupe pande zote nne, na dhahabu isiisogelee.