Naomba ushauri: mvua kubwa jumapili, tuahirishe ibada au tusali tu?
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni katibu wa kanisa huku Lindi vijijini, TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wakitoa tu angalizo la mvua kubwa na upepo mkali simu zinaanza, katibu ibada ipo? Mchungaji anasema kanisa halifungwi, ila bibi zetu wanatoka ng'ambo ya korongo kwa miguu, likijaa hata bodaboda hapiti, na mabati upande wa madhabahu yashalegea, upepo ukivuma yanapiga kelele hadi watoto wanalia. Kimbunga Hidaya Mei 2024 kilitukuta jumamosi, barabara ikakatika Somanga, sasa kesho yake unamwambiaje muumini aje? Roho inaniuma kweli. Kwenu nani anaamua, na mnatangaza saa ngapi? Maana wengi hawana simu kubwa, wanasikiliza kengele tu