Naomba ushauri: vibua wa chini ya deli (boksi la kutunzia baridi) wanaharibika kabla ya kufika Mbeya

Wakuu, shikamooni. Vibua wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wanapanda basi la usiku hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Kwenye deli ni kilo 20 za samaki kwa kilo 20 za barafu iliyopondwa, tabaka kwa tabaka. Wa juu wanafika macho maangavu. Wa chini wameloa, matumbo yamepasuka. Tundu la deli la kutolea maji likiachwa wazi kondakta anagomba (ana haki, maji yale yananuka). Hao wa chini siuzi: kibua akipata joto sumu iitwayo histamini hujijenga mwilini mwake, na kukaanga hakuiondoi, mlaji huwashwa, uso ukawa mwekundu. Je, niwatoe matumbo kabla ya kupanga, au chaga ya sentimita 5 chini inatosha?